"Costume" ni nguo gani? Historia fupi kwa watu wa Likasi



Baba mmoja alituletea ulizo. Kijana wake alivuka Kasumbalesa, akaingia katika duka moja la Zambia kuomba "costume" ya ndoa. Muuzaji akamwonyesha nguo za watoto za kuchezea sikukuu. Kosa liko wapi?

Kosa si la kijana. Katika Kifaransa tunachosoma shuleni, "costume" ni koti na suruali za kitambaa kimoja, na mara nyingi kravati juu yake. Kwa Kiingereza nguo hiyo ni "suit". Watanzania wanasema suti. "Costume" ya Kiingereza ni mavazi ya teatro, ya ngoma, au ya watu wa zamani.

Lakini neno hili lina historia, na wazee wetu waliionja. Lilitoka Italia, likapita Ufaransa. Maana yake ya kwanza ni desturi. Ni ndugu ya "coutume", neno linalosikika kila siku kwa machifu wetu.

Wakati wa Wabelgiji, mji huu ukiitwa Jadotville, kostimu ilikuwa alama ya "évolué", Mwafrika aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Toka mwaka wa 1948 koloni ilitoa hata karte ya heshima kwa watu kama hao.

Kisha Mobutu akageuza mambo. Mwaka wa 1971 nchi ikaitwa Zaire, Katanga ikawa Shaba. Mwaka uliofuata majina ya Kizungu yakakatazwa, na kostimu na kravati nazo zikapigwa vita. Mahali pake ikaja abacost, koti la kola fupi, bila kravati, mfano wa lile la Mao wa China. Jina hilo ni kifupi cha "à bas le costume", ni kusema: kostimu ianguke! Wamama nao wakaambiwa wavae kikwembe, waache suruali. Ndivyo nguo yenye jina la desturi ilivyokatazwa kwa ajili ya kulinda desturi.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kravati ikapata ruhusa tena. Lakini miaka miwili tu baadaye, maelfu ya Wakasai, wengi wao wazaliwa wa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala kwenye stasio ya treni ya Likasi, na valizi zao, wakingoja safari ya Kasai. Mtu aliruhusiwa kuvaa alichotaka, lakini hakuruhusiwa kulala kwake.

Basi, jirani wa Kikula, wa Panda, wa Shituru: ukimwona mama aliyekimbia vita akipiga pasi kikwembe chake kimoja kizuri siku ya Mungu, usimcheke, wala usimwulize alikipata wapi. Nyumba aliiacha, desturi yake alikuja nayo.

Na wewe kijana, ukifika ng'ambo, omba "suit". Ndoa njema.