Mnara wa Fischer na Majina Yaliyosahauliwa



Ndugu wazazi na wanafunzi wa Kimironko, katika likizo iliyopita tulijaaliwa kufika Naivasha, Kenya, tukatembelea hifadhi ya taifa ya Hell's Gate, yaani Mlango wa Jahannamu. Jina hilo liliwatisha watoto. Mmoja akauliza kama huu ni miongoni mwa milango saba inayotajwa katika Surat Al-Hijr. Tukamweleza kuwa ni jina walilolitoa Wazungu kwa pengo jembamba baina ya majabali, palipopita maji ya ziwa la kale.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984. Karibu na lango umesimama mwamba wa peke yake, urefu wake kama mita 25, uitwao Mnara wa Fischer. Uji wa moto uliganda ndani ya koo la volkano, kisha mawe laini ya pembeni yakamomonyoka, ukabaki mwamba mgumu. Wamaasai husimulia kuwa ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Subhanallah!

Mwanafunzi mwingine akauliza: "Ustadhi, huyu Fischer ndiye wa kwanza kufika hapa?"

La hasha. Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani, alifika mwaka 1883 akitokea Pangani, na Wamaasai, wenye nchi yao, wakamzuia kuendelea. Mwaka huohuo Joseph Thomson wa Scotland alipita upande huo, naye alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Waswahili wa pwani walikuwa wakizijua njia hizo, visima vyake na desturi za wenyeji wake. Wao waliongoza na kubeba mizigo. Mwamba ukapewa jina la mgeni.

Hata hivyo tusidanganyane. Misafara ya zama zile ilifuata pembe, na mingine iliuza binadamu. Dhulma ni dhulma hata akiifanya Mwislamu, na historia yetu haihitaji kupakwa rangi.

Jambo hili linatugusa sisi wa Rwanda. Uislamu uliletwa hapa na wafanyabiashara na askari wa pwani walioingia zama za Wajerumani. Wengi wakakaa Nyamirambo na Biryogo. Je, tunayajua majina mangapi? Na wazee wengi waliokuwa wakikumbuka tuliwapoteza mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kila mzee aliyebaki ni kitabu ambacho hakijanakiliwa.

Basi tumewapa wanafunzi kazi: kila mmoja akae na babu au bibi yake, amuulize wazee wake walitoka wapi, nani aliwasomesha dini, kisha aandike. Wazazi, tusaidieni kazi hii kabla ya Ramadhani.

Kwa watakaokwenda Naivasha, tahadharini na korongo lile. Mvua ikinyesha mbali, maji huja ghafla. Mwaka 2012 na 2019 watu walifariki humo. Msishuke wakati wa mvua, na mfuate mwongozaji.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wanaojulikana na wasiojulikana. Amin.

Wabillahi tawfiq.