Fahamu namna ya kupanga muda wa kutembelea Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu, Inyonga

Kwa mwananchi wa Inyonga, Makao Makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, safari ya Dar es Salaam ni ya gharama na huchukua siku nzima au zaidi. Wengi huifanya kwa sababu ya matibabu, biashara, masomo au kutembelea ndugu, na nafasi ya kuingia Makumbusho ya Taifa hupatikana katikati ya shughuli hizo. Nafasi hiyo ikipangwa vibaya, mgeni hutoka akiwa ameona vitu vingi na kuelewa vichache, na huenda miaka ikapita kabla hajarudi tena. Makala haya yanaeleza muda unaotosha na namna ya kuugawa.

Makumbusho yenyewe

Makumbusho ya Taifa yaliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea, yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940. Mambo yanayooneshwa humo yanaweza kugawanywa katika makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza ni chimbuko la binadamu. Taasisi hii ndiyo mhifadhi wa fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai, 1959, na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Kundi la pili ni historia ya nchi, kuanzia biashara ya miji ya pwani kama Kilwa, utawala wa Wajerumani na Waingereza, hadi Uhuru. Kundi la tatu ni magari ya kale yaliyotumiwa na viongozi, ikiwamo Rolls-Royce. Aidha, katika eneo la makumbusho ipo kumbukumbu ya waliopoteza maisha katika shambulio la bomu kwenye Ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti, 1998.

Muda unaotosha

Mtu mzima anayetaka kusoma maelezo na kuelewa anashauriwa kutenga saa tatu. Hesabu yake ni rahisi: anayesimama dakika tatu mbele ya kila kabati la vioo atatumia saa mbili kuyapitia makabati 40. Saa moja inayobaki ni ya mapumziko, kumbukumbu ya mwaka 1998 na magari.

Mwenye saa moja tu asijaribu kuzunguka kumbi zote. Achague jambo moja, kwa mfano chimbuko la binadamu, alimalize kwa utulivu kisha aondoke. Mwenye siku nzima naye asiitumie yote ndani ya jengo. Tangu mwaka 1916, mtaalamu wa makumbusho wa Marekani, Benjamin Ives Gilman, aliandika kuhusu uchovu unaowapata wageni wa makumbusho: miguu na macho huchoka, na umakini hupungua. Kwa hiyo jambo unalolitaka zaidi litangulie, likifuatiwa na mengine kadiri nguvu zinavyoruhusu. Kanuni hii hufaa hata kwa makumbusho makubwa zaidi duniani, kama yale ya ndege za kijeshi yaliyopo Dayton, Marekani, yenye ndege na makombora zaidi ya 350, ambako hata siku moja haitoshi kuona kila kitu.

Kijiji cha Makumbusho

Wananchi wengi huchanganya Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho. Kijiji hicho, kilichoanzishwa mwaka 1967, kipo mbali na katikati ya jiji, upande wa barabara iendayo Bagamoyo. Humo zimejengwa nyumba za asili za jamii mbalimbali, ikiwamo msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Saa mbili zinatosha kuzitembelea nyumba hizo, na muda uongezwe endapo kuna onesho la ngoma. Anayetaka kuona sehemu zote mbili kwa siku moja aanze na jengo la mjini asubuhi, apate chakula, kisha aende Kijijini mchana. Foleni ya magari iingizwe katika hesabu.

Muda wa njiani

Mabasi ya mikoani huishia Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo hadi katikati ya jiji msafiri atenge muda wa kutosha, hasa asubuhi na jioni. Haishauriwi kushuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja makumbusho baada ya usiku wa safari. Mapumziko ya nusu siku huongeza faida ya ziara.

Kwa anayepitia Tabora na asiyeweza kufika Dar es Salaam, ipo kumbukumbu ya Dkt. Livingstone huko Kwihara, nje kidogo ya mji. Saa moja inatosha kuliona tembe alimoishi mwaka 1872.

Ziara za shule

Walimu wanashauriwa kuwagawa wanafunzi katika makundi madogo, kila kundi likianza na eneo tofauti na kubadilishana baada ya dakika 40. Kila mwanafunzi apewe maswali matatu ya kujibu kabla ya kuondoka shuleni. Maombi ya mwongoza wageni yatumwe mapema.

Kabla ya safari, wananchi wanakumbushwa kuthibitisha na uongozi wa makumbusho saa za kufunguliwa, viingilio na utaratibu wa malipo. Vilevile, wabebe kitambulisho, kwa kuwa viwango vya raia hutofautiana na vya wageni kutoka nje ya nchi.