Mwizi, Mporaji na Mhaini: Majina ya Uchukuaji Mali katika Sheria ya Waingereza na katika Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Wanafunzi wetu wengi hivi leo husoma fiqhi kupitia tafsiri za Kiingereza. Humo hukuta "sariqa" imewekewa neno "theft" na "hiraba" imewekewa "robbery", wakadhani kuwa neno limekaa sawasawa mahali pa neno. Sivyo. Kila jina lina historia yake na mipaka yake, na hukumu hufuata mipaka hiyo.

Asili ya maneno ya Kiingereza

"Theft" ni neno la Waingereza wenyewe, la tangu kabla ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066. Baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, ndipo yakaingia "larceny" na "robbery". La kwanza chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya unyang'anyi, lakini Uingereza likatumika kwa wizi usio wa nguvu. La pili ni ndugu wa "robe", yaani joho, kwa kuwa nguo aliyovuliwa adui ilikuwa ngawira. Msomaji wa Kiarabu hatastaajabu, kwani nasi tunalo neno "salab", nguo na silaha za aliyeuawa vitani.

"Loot" walilitoa India, katika neno la Kihindi "lut", kupora. Mwaka 1799 majeshi ya Waingereza na washirika wao yalipoiteka Seringapatam na kumuua Sultan Tipu, mji uliporwa, na hazina yake wakagawiwa maofisa na askari kwa daraja zao. Mgao huo haukuitwa wizi wala uporaji. Uliitwa "prize", tuzo. Tazama jinsi jina linavyoweza kukisafisha kitendo.

Mwanya ndani ya jina

Katika sheria yao ya kale, "larceny" ilikuwa ni kukiondoa kitu mikononi mwa mwenyewe bila ridhaa yake. Mali iliyozidi thamani ya peni 12 ilimpeleka mwizi kwenye kitanzi, hata raia walioketi kuamua kesi mara nyingi wakaishusha thamani kwa makusudi ili kumwokoa mtu roho yake.

Lakini vipi yule aliyekabidhiwa mali kwa hiari? Mwaka 1473 mchukuzi mmoja aliyelipwa kupeleka marobota Southampton aliyafungua na kuchukua vilivyomo. Mahakimu walihangaika: ataitwaje mwizi naye alipewa mzigo mkononi? Wakatafuta njia, wakasema alipolivunja robota amana yake ilikatika. Mwaka 1799, mwaka uleule wa Seringapatam, mtunza fedha wa benki moja ya London aitwaye Bazeley alipokea noti ya pauni 100 kutoka kwa mteja, akaitia mfukoni badala ya kuiweka kwenye droo. Mahakimu wakaona kuwa si "larceny", kwa sababu noti ile ilikuwa haijafika mikononi mwa benki yenyewe. Akaachiwa. Bunge likatunga sheria mwaka huohuo, na kosa hilo likajulikana kwa jina la "embezzlement". Majina hayo yalibaki mbalimbali mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipoyakusanya chini ya "theft", ikamwingiza ndani yake mwenye amana anayeifanya mali ya mtu kuwa yake.

Mafaqihi na majina

Wanavyuoni wetu walilikuta suala hilo mapema zaidi. Adhabu iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 38, ni ya "sariq", naye ni mwenye kuchukua mali ya mtu kwa siri kutoka mahali ilipohifadhiwa (hirz), ikiwa imefikia nisabu: robo dinari kwa jamhuri, dirhamu kumi kwa Mahanafi. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) amewatoa watatu katika hukumu ya kukatwa: mporaji, mkwapuaji na mhaini. Ibnul Qayyim ameieleza hekima yake: anayepora au kukwapua huchukua mbele ya macho ya watu, nao waweza kumzuia na kumshuhudia, lakini mwizi huvunja hifadhi, na mtu hana namna ya kujikinga naye.

Mahanafi wakalitia jambo hili ndani ya Usulul Fiqhi. Wakauliza: je, mchopozi (tarrar) na mfukua makaburi (nabbash) wanaingia katika jina "sariq", ilhali kila mmoja ana jina lake? Wakasema mchopozi anaingia, kwa kuwa maana ya wizi kwake imezidi: humwibia mtu aliye macho. Mfukua makaburi kwa Abu Hanifa haingii, kwa kuwa maana kwake imepungua. Jamhuri wakamkhalifu.

Basi mipaka hii ililinda mkono usikatwe ila kwa yakini. Haikupunguza dhambi, na wala haikuacha mwanya kama ule wa Bazeley. Asiyefikiwa na hadd hutiwa adabu na kadhi (taazir), na mali hurejeshwa.

Majina yetu wenyewe

Sasa tujitazame. Kijana aliyekwapua simu hupigiwa kelele ya "mwizi!", na mara ngapi tumeona watu wakimpiga hata kumchoma moto? Huyo ni mkwapuaji ambaye Mtume (s.a.w.) amemtoa katika kukatwa mkono; vipi basi tumtoe roho? Kumuua ni dhulma kubwa kuliko aliyoifanya.

Na mtunza fedha aliyekula mali ya wakfu au ya msikiti? Huyo tunamwita "mbadhirifu". Neno hili tumelitoa katika "tabdhir", nalo kwa Kiarabu ni kutumia ovyo, hata mali yako mwenyewe. Kwa jina hilo mhaini ameonekana kama mtu asiyejua hesabu tu. Hata sheria za jinai walizotuachia Waingereza Kenya na Tanganyika mwaka 1930 zinamhesabu karani na mtumishi wa namna hiyo kuwa ameiba. Na jina lake katika dini ni zito zaidi. Kuchukua katika mali ya umma ni "ghulul", na Suratu Al Imran, aya ya 161, inatufunza kuwa mwenye kufanya hivyo atakuja nacho alichokichukua Siku ya Kiyama. Mtume (s.a.w.) alikataa watu wasimhesabu shahidi mtumwa aliyeuawa katika safari ya Khaybar, kwa sababu ya shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa, akasema inamuwakia moto. Shuka moja tu.

Maimamu na wajumbe wa kamati, lirejesheni jina mahali pake. Amana ikiliwa, semeni khiyana, semeni ghulul, kisha idaini mali irudi. Na kijana akikwapua, mshikeni, mumpeleke penye sheria akiwa hai.

Tunamuomba Allah atuhifadhi na haramu, ya siri na ya dhahiri. Wallahu a'lam.