Mzee wa Miaka 49

Chishu Ryu alikuwa na umri wa miaka 49 alipoigiza mzee wa miaka kama 70 katika Tokyo Story, filamu ya Kijapani iliyotoka Novemba 1953. Chieko Higashiyama, mkewe katika hadithi hiyo, alikuwa amemzidi karibu miaka 14. So Yamamura, aliyekuwa mwanawe wa kwanza, daktari wa mtaani, alipishana na Ryu miaka kama sita tu. Ukisimuliwa hayo kabla ya kuitazama utadhani ni maigizo ya shule, watoto wamepakwa unga kichwani na kushikishwa bakora. Ukishaitazama, hesabu hiyo haikuingii akilini tena.

Kisa chenyewe ni chepesi. Shukichi na Tomi Hirayama wanatoka Onomichi, mji wa bandari ulio mbali na Tokyo, wanapanda treni kwenda kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli. Siku iliyopangwa kwa matembezi, daktari anaitwa kwa mgonjwa. Shige, binti mwenye saluni nyumbani kwake, haoni pa kuwaweka, basi ndugu wanachangishana na kuwapeleka wazazi Atami, kwenye chemchemi za maji moto, katika hoteli ya bei nafuu ambayo makelele yake hayawapi usingizi. Anayewapa nafasi kwa moyo ni Noriko, mkaza mwana, mjane wa kijana wao ambaye vita vilimchukua. Wazee wanarudi kwao, na muda si mrefu mama anafariki. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa.

Mbegu yake ilitoka Marekani. Kogo Noda, aliyeandika hadithi hiyo pamoja na mwongozaji Yasujiro Ozu, alikuwa ameiona Make Way for Tomorrow ya Leo McCarey, ya mwaka 1937. Humo wazee wawili wananyang'anywa nyumba na benki, na kwa kuwa hakuna mtoto aliye tayari kuwapokea wote wawili, wanatenganishwa. Sheria ya pensheni ya Marekani ilikuwa imetiwa saini mwaka 1935, lakini malipo ya kila mwezi hayakuanza hadi 1940, hivyo watazamaji wa siku hizo walijua fika kinachozungumzwa. Na huko pia ajuza aliigizwa na mtu asiye ajuza: Beulah Bondi alikuwa hajafika hata miaka 50. Yuko sebuleni kwa mwanawe, mkwewe anafundisha wageni mchezo wa karata, simu inalia, ni mumewe. Bondi anapaza sauti kama mtu asiyeamini kwamba waya unaweza kufikisha maneno. Wageni wanakerwa kwanza, kisha wananyamaza mmoja mmoja, kwa sababu wanasikia mapenzi ya watu wawili yasiyowahusu. Yeye hajui kama anasikilizwa. Hapo Bondi haombi huruma hata kidogo, na ndiyo maana anaipata.

Ozu alikwenda mbali zaidi. Kamera yake, chini ya mpigapicha Yuharu Atsuta, hukaa chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi mkekani, na karibu haisogei kabisa. Mwigizaji aliyezoea kufichwa udhaifu wake na kamera inayozungukazunguka hana pa kujificha hapo. Lakini kuna faida: kila kitu kinapotulia, kidole kikisogea kinaonekana. Ryu alisimulia baadaye jinsi Ozu alivyomwelekeza hata katika miondoko midogo na kumtaka asicheze hisia usoni. Basi uzee wake ameuweka kwenye mgongo, kwenye kasi ya kujipepea, kwenye kile kimguno cha kukubali anachotoa kabla hajajibu lolote. Huko Atami, wakiwa ukutani kando ya bahari, mkewe anainuka, anapata kizunguzungu, anajishikiza. Mzee anamuuliza, anaambiwa ni kukosa usingizi, na safari inaendelea. Alfajiri ile mke alipokata roho, Noriko anamkuta nje peke yake. Mzee anasema macheo yalikuwa mazuri, na kwamba leo kutakuwa na joto tena. Basi, hakuna zaidi ya hayo.

Wengi humsifu Setsuko Hara, aliyekuwa Noriko, na kwa haki: tabasamu lake lina tabaka nyingi, na anapokiri mbele ya baba mkwe kwamba zinapita siku bila kumkumbuka marehemu mumewe, unaelewa tabasamu lile lilikuwa likibeba nini. Mimi lakini humtazama zaidi Haruko Sugimura, mwigizaji wa jukwaani, ambaye ndiye Shige. Mumewe anawanunulia wakwe keki. Yeye analalamika kuwa ni ghali mno kwa wazazi, huku akiila moja. Zinapofika habari kuwa mama yu mahututi, anataka kujua kama wabebe nguo za msiba. Mama akifa, Shige analia, na kilio chake ni cha kweli, cha kukata maini. Kisha wakiwa mezani baada ya mazishi anaomba mshipi na kimono ya mama viwe kumbukumbu yake, kwa sauti ileile ya kuagiza chai. Mwigizaji dhaifu angechagua: ama mchoyo, ama mwenye uchungu. Sugimura hachagui. Hamkonyezi mtazamaji kumwambia amchukie, wala hamwombei Shige msamaha. Na sote tuna Shige ukooni, na pengine siku nyingine ni sisi wenyewe.

Nchi za nje zilichelewa kuijua Tokyo Story. London iliipa tuzo ya Sutherland mwaka 1958, lakini kumbi za New York ziliisubiri hadi 1972, zaidi ya miaka minane baada ya Ozu kufariki. Katika kura ya jarida la Sight and Sound ya mwaka 2012, waongozaji wa filamu waliiweka nambari moja. Hara hakungoja sifa hizo. Baada ya kifo cha Ozu aliacha uigizaji, akaishi Kamakura mbali na kamera hadi alipofariki mwaka 2015.

Ryu aliendelea. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa kasisi wa hekalu katika mfululizo wa filamu za Tora-san, kazi iliyomfaa mtoto aliyezaliwa hekaluni, na akafariki mwaka 1993 akiwa na miaka 88. Mwongozaji wa mfululizo huo, Yoji Yamada, aliirudia hadithi ya Ozu mwaka 2013 kwa jina Tokyo Family, kwa rangi, na safari hii baba aliigizwa na Isao Hashizume, aliyekuwa na zaidi ya miaka 70 kweli. Ni filamu nzuri na Hashizume hana kasoro. Lakini ukizitazama mbili hizo kwa jioni moja, aliye mzee zaidi ni yule wa miaka 49.