Sera binti Asheri

Sera (kwa Kiebrania Serah) ni mjukuu wa Yakobo kwa mwanawe wa nane, Asheri, aliyezaliwa na Zilpa, mjakazi wa Lea. Anatajwa mara tatu katika Biblia: Mwanzo 46:17, Hesabu 26:46 na 1 Mambo ya Nyakati 7:30. Hasemi neno, wala hatajiwi mume au mtoto.

Hata hivyo, mahali anapotokea panashangaza. Katika orodha ya jamaa 70 wa Yakobo walioshukia Misri, hakuna mjukuu mwingine wa kike aliyeandikwa jina. Vizazi kadhaa baadaye, Musa anapohesabu watu katika nchi tambarare za Moabu, Sera yumo tena. Hesabu hiyo ilikuwa ya wanaume wa vita, na kabila la Asheri lilitoa 53,400. Koo zao zinaitwa kwa majina ya kaka zake na ya wana wa mmoja wao, Beria; hakuna hata mmoja unaoitwa kwa jina lake. Mwanamke huyu alitafuta nini humo?

Marabi walijibu kwamba alikuwa bado hai, na juu ya jibu hilo wakajenga masimulizi mengi. Sera ndiye aliyempasha babu yake, kwa wimbo wa taratibu asije akazimia, kwamba Yusufu, mwanawe aliyedhaniwa amekufa, yu hai. Ndiye aliyemwonyesha Musa jeneza la Yusufu lilipozamishwa katika Nile. Hata yule mwanamke mwenye akili wa Abeli wa Beth-maaka, aliyezungumza na Yoabu, jemadari wa Daudi, juu ya ukuta (2 Samweli 20), alihesabiwa kuwa yeye. Nachmanides, mfafanuzi wa karne ya 13, alitoa maelezo ya kawaida zaidi: Sera aliandikwa kwa sababu alikuwa mrithi wa ardhi.

Asichanganywe na Sheera wa ukoo wa Efraimu (1 Mambo ya Nyakati 7:24), ambaye kwa mstari mmoja tu anahesabiwa miji mitatu aliyoijenga: Beth-horoni ya chini, ya juu, na Uzen-sheera.

Baadhi ya mapokeo husema Sera aliingia peponi bila kufa. Hata hivyo, Wayahudi wa Isfahan, Iran, wana kaburi linalosemwa kuwa lake huko Pir Bakran, nao hulizuru.