Shanga za Mlima Elgon

Mtu akimwona fundi wa Cheptais, katika miteremko ya Mlima Elgon, akitunga shanga za plastiki, huenda akasema kuwa ufundi wa wazee umekwisha. Historia haikubaliani naye.

Hapo kale watu wa nchi yetu walitoboa vipande vya kaka za mayai ya mbuni. Shanga za namna hiyo zilizochimbuliwa katika pango la Enkapune ya Muto, magharibi ya Ziwa Naivasha, zina umri wa miaka ipatayo 40,000. Baadaye misafara ilileta kutoka pwani nyaya za shaba na shanga za kioo, nyingi zikiwa za Venice.

Je, mgeni ndiye aliyeamuru? La. Joseph Thomson, aliyefika Elgon mwaka 1883, ilimbidi kwanza atue Taveta, wapagazi wazitunge upya shanga zake kwa urefu walioutaka Wamaasai. Aliyeleta rangi isiyopendwa aliweza kukosa hata chakula.

Basi shanga zilitoka mbali, lakini hukumu ilikuwa ya wenyeji. Fundi wa leo naye tusimpime kwa plastiki yake, bali kwa uteuzi wake.