Mchungaji Corbly na Wakristo wa Gnadenhutten

Jumapili moja ya Mei 1782, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, magharibi mwa Pennsylvania, mchungaji Mbaptisti John Corbly alikuwa akienda kanisani kwa miguu pamoja na familia yake. Yeye alikuwa nyuma kidogo, akitafakari. Wapiganaji wa makabila ya wenyeji wakawavamia. Mkewe, Elizabeth, alimpigia kelele akimbie. Waliuawa Elizabeth, kichanga alichokibeba, mwana wa miaka sita na binti mmoja. Mabinti wengine wawili walichunwa ngozi ya kichwa, wakanusurika. Corbly mwenyewe aliyaandika hayo katika barua ya 1785, na ni vigumu kuisoma bila kuumia.

Lakini anayeisoma barua hiyo peke yake amesoma nusu ya habari. Miezi miwili kabla, tarehe 8 Machi, wanamgambo kutoka Pennsylvania hiyohiyo waliwaua wenyeji 96 wa kabila la Walenape huko Gnadenhutten, Ohio. Hawa walikuwa Wakristo waliobatizwa na Wamoravian, nao walikataa kupigana. Washirika wa Waingereza walikuwa wamewahamisha kwa nguvu mwaka uliotangulia. Njaa ndiyo iliyowarudisha kuvuna mahindi waliyoyaacha shambani. Walipoambiwa kwamba watauawa, walikesha wakiimba na kusali. Watoto peke yao walikuwa 39.

Mapokeo haya mawili, ya Kibaptisti na ya Kimoravian, yaliielewa familia kwa namna tofauti kabisa. Mbaptisti wa mpakani hakuwa na askofu wala shirika la kumtuma. Usharika ulimtambua mhubiri kutoka miongoni mwao, naye aliendelea kulima ili watoto wale. Corbly aliwahi kufungwa jela Culpeper, Virginia, kwa kuhubiri bila kibali, kwa kuwa serikali ya koloni ilililinda Kanisa la Anglikana. Akavuka milima, na mwaka 1773 likaanzishwa kanisa la Goshen. Uhuru huo naustahi sana. Ila ulisimama juu ya ardhi ambayo muungano wa Iroquois uliiuza kwa mkataba wa Fort Stanwix mwaka 1768, huku Washawnee waliowinda humo wakiachwa nje ya mapatano. Mke na watoto wa mchungaji waliishi juu ya deni ambalo hawakulikopa.

Wamoravian, kwa upande wao, waliigawa jamii yao ya Bethlehem, Pennsylvania, katika makundi ya umri, jinsia na ndoa. Kanisa likawa ndiyo nyumba. Mmisionari wao David Zeisberger alioa mwaka 1781 tu, akiwa na miaka 60. Kwake Mlenape aliyebatizwa alikuwa ndugu, ingawa udugu huo ulimdai Mlenape aziache desturi nyingi za wazee wake. Huo si upendo usio na dosari. Hata hivyo ulivuka mpaka wa damu, jambo ambalo majirani wa Corbly waliobeba bunduki hawakulifanya.

Leo kanisa la Corbly linaitwa kwa jina lake. Wamoravian nao walifika Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1891, na waumini wao wamejaa Mbeya na Tabora. Basi nawaomba walimu wa historia ya kanisa huko: mnapomfundisha Zeisberger, mfundisheni na Elizabeth Corbly katika somo hilohilo, na popote anapoombolezwa Elizabeth, wale 96 watajwe pamoja naye.